Kumbe ile ngoma ya kengele si ya Krismasi? Maana zilizojificha kwenye nyimbo tunazopigiwa Malindi na Kilifi kila Disemba

Disemba ikiingia Malindi huhitaji kalenda. Wabara wameshateremka na SGR, tuktuk zimepandisha nauli bila haya, maembe yanaoza chini ya miti kwa kukosa wa kuyala, na kila supamaketi kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui imefungulia orodha ileile ya nyimbo. Nje jua linachoma kama limetumwa. Ndani spika inaimba theluji, farasi na baridi ya kukata mifupa. Msee ametoka Ganze, yuko kwenye foleni na mchele wake kilo mbili, jasho linamtiririka mgongoni, na bado anaitikia kiitikio kwa sauti.

Hakuna shida, ngoma ni ngoma. Lakini ushawahi kujiuliza hizi nyimbo zinasema nini hasa? Na zile mastory zinazozunguka kwa WhatsApp kila mwisho wa mwaka, ati kuna siri imefichwa kwenye maneno, ni za kweli ama ni udaku tu wa kizungu? Tumezichambua kadhaa. Zingine zitakuchekesha. Moja, wallahi, ilipaswa kuwa wimbo rasmi wa Kaunti ya Kilifi.

Tuanze na ile kila mtoto wa nasari anaijua, Jingle Bells. Huyu jamaa James Pierpont, Mmarekani, aliitoa mwaka 1857 ikiwa na jina lingine kabisa, jina la kigari cha kukokotwa na farasi mmoja. Isikilize mwanzo hadi mwisho: hakuna Yesu, hakuna Maria, hakuna hori, hakuna hata neno Krismasi. Kuna kijana, kuna manzi, kuna farasi na kuna mwendo wa kasi. Kwenye ubeti wa pili, ambao hapa kwetu hauimbwi, jamaa amembeba msupa, kigari kinayumba, wote wawili wanajikuta chini kwenye theluji. Yaani ondoa farasi weka boda, ondoa theluji weka mchanga wa pale Mnarani, ni story ya kila wikendi. Wengi wanasema ilitungwa kwa ajili ya sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, lakini hilo halina ushahidi wa kushika. Ilikuwa ngoma ya vijana kujivinjari, basi. Tutairudia baadaye kidogo, maana ina upande mwingine usiofurahisha.

Sasa tuje kwa ile inayosumbua magrupu ya familia: The Twelve Days of Christmas, ile ya zawadi kumi na mbili. Kila mwaka kuna shangazi ataforwadi ujumbe mrefu akidai ni katekisimu ya siri. Ati zamani Wakatoliki wa Uingereza walikuwa wanateswa, wakaficha imani yao ndani ya wimbo wa watoto: yule kwale wa kwanza ni Yesu, njiwa wawili ni Agano la Kale na Jipya, wale ndege wanne ni Injili nne, mabwana kumi ni Amri Kumi, na kadhalika.

Story tamu. Na ni kweli Wakatoliki wa Uingereza walibanwa kisheria kwa muda mrefu, mpaka mwaka 1829. Lakini fikiria kidogo. Amri Kumi, Injili nne, Agano la Kale na Jipya: hayo yote Waanglikana pia walikuwa nayo. Waliyasoma kanisani waziwazi kila Jumapili. Sasa mbona Mkatoliki afiche kitu ambacho hata anayemtesa anakiamini? Kama ungekuwa unaficha, ungeficha mambo waliyogombania, kama Papa na Misa. Na kwenye hiyo orodha ya siri hayo hayamo hata moja. Isitoshe, wimbo ulichapwa mara ya kwanza London karibu mwaka 1780 kama mchezo wa watoto wa kukumbuka, ukikosea unalipa faini. Madai ya siri yalianza kusikika karne mbili baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna barua, hakuna kitabu, hakuna shahidi wa kabla ya hapo.

Hii si kumchekea shangazi. Hii kaunti inajua bei ya mtu kukwambia kwamba yeye pekee ndiye ana maana iliyofichwa ya maandiko. Shakahola iko hapa, barabara ya kutoka Malindi kuelekea ndani. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kule msituni. Wimbo wa ndege na zawadi hauui mtu, lakini kuuliza "umetoa wapi hiyo?" ni tabia ambayo unaweza kuanza kuifanyia mazoezi na vitu vidogo.

Yenyewe ile ngoma ina raha zake bila siri. Ukijumlisha zawadi zote, ukihesabu kwamba kila siku anarudia za siku zilizopita, unapata 364. Nyingi ni ndege, na kuna wanaosema hata zile pete tano za dhahabu ni ndege wenye mkufu shingoni. Na zawadi ya kwanza ni nani? Kwale. Ndiyo, kwale yule ndege, yule aliyefanana jina na majirani zetu wa kule kusini. Watu wa Msambweni wamepewa zawadi ya kwanza, sisi wa Kilifi hatukuitwa. Kinachoshangaza ni kwale kukaa juu ya mti, wakati ni ndege wa kutembea chini. Maelezo moja ni kwamba wimbo ulipitia Ufaransa: kwale kwa Kifaransa ni perdrix, hutamkwa "perdri", na sikio la Mwingereza likasikia jina la mti wa peasi. Yaani mti mzima umeota kwa sababu ya kusikia vibaya. Kama wewe ni wa kuimba nyimbo za Kikongo bila kujua Kilingala, huna haki ya kucheka.

Lakini usidhani hakuna wimbo wa Krismasi wenye siri. Upo, na ni wa kweli. Ule wa kumwita Emanueli, O Come, O Come, Emmanuel, umetokana na sala fupi saba za Kilatini, za zamani mno, ambazo kanisa la magharibi huimba kuanzia tarehe 17 hadi 23 Disemba. Kila moja inamwita Yesu kwa jina tofauti: Sapientia, Adonai, Radix, Clavis, Oriens, Rex, Emmanuel. Chukua herufi ya kwanza ya kila jina, zisome kutoka mwisho kurudi mwanzo. Unapata ERO CRAS. Kwa Kilatini ni kama kusema "kesho nitakuwepo". Na sala ya saba inaimbwa tarehe 23, kesho yake ni mkesha. Kuna wasomi wanaosema imetokea tu kwa bahati. Mimi naona bahati ya herufi saba mfululizo ni bahati yenye akili nyingi. Tofauti na ile ya kwale ni kwamba hapa herufi ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuzihesabu mwenyewe bila kumwamini mtu.

Tena maneno yake ni mazito: yanaomba mateka wakombolewe. Likumbuke hilo neno mateka, na ujue kwamba pale Kengeleni, ukitoka Kilifi kuingia Mombasa, kuna kanisa la zamani linaloitwa Emmanuel. Tunafika huko.

Kwanza tupande meli. Kuna wimbo wa kale wa Waingereza, I Saw Three Ships, kuhusu meli tatu zinazoingia asubuhi ya Krismasi, na walio ndani ni Yesu na mamake, zinaelekea Bethlehemu. Shida ni moja: Bethlehemu haina bahari. Iko mlimani, zaidi ya kilomita 50 kutoka pwani. Ni kama kuimba jahazi limetia nanga Voi. Wachambuzi wameumiza kichwa. Wengine wanasema meli ni ngamia watatu wa wale mamajusi, kwa kuwa ngamia ndiye jahazi la jangwani. Wengine wanasema ni kumbukumbu ya mafuvu yanayoaminika kuwa ya mamajusi, ambayo yalipelekwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1164 na yangali humo kanisani mpaka leo. Mimi naona mtunzi alikuwa mtu wa pwani tu. Mtu wa pwani akifikiria kitu kizuri kinakuja, kinakuja na meli. Angekuwa wa Kitale kingekuja na matatu.

Na hapa kwetu Krismasi na meli havijaachana. Kaskazi huanza kuvuma Disemba, na kwa mamia ya miaka ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India. Halafu kuna zile meli nyingine. Vasco da Gama aliondoka Ureno mwaka 1497. Krismasi ilimkuta baharini, akapitia sehemu ya Afrika Kusini akaiita Natal, ambayo kwa Kireno ni hiyohiyo Krismasi. Alianza na meli nne, ya kubebea chakula ikateketezwa njiani, na Aprili 1498 akatokea Malindi na ngapi? Tatu. Mombasa walikuwa wamemkatalia, Mfalme wa Malindi akampokea, akapata rubani wa kumvusha mpaka India. Ile nguzo mnayopigia selfi pale kwenye ncha ndiyo kumbukumbu yake. Wimbo wa Waingereza haukumhusu, hilo ni wazi. Lakini mtoto wa Malindi akiuimba, meli tatu zake zina majina, na zilikuja na msalaba pamoja na mizinga.

Si Malindi ni mji wa Waitaliano pia? Basi ukikaa karibu nao usiku wa tarehe 24 utasikia wimbo wao mkubwa, Tu scendi dalle stelle. Uliandikwa mwaka 1754 na Alfonso de' Liguori, padri wa kule Napoli aliyekuwa wakili kabla ya kuacha mahakama, na baadaye akatangazwa mtakatifu. Maana yake haijafichwa: mfalme wa mbinguni ameteremka kutoka nyotani, akaja kwenye pango baridi, hana nguo hana moto. Umaskini ndio kiini chake. Muumba wa vyote amekosa blanketi.

Mimi wimbo huu hunifanya nitazame upande wa Ngomeni. Waitaliano hao hao ndio waliojenga pale baharini jukwaa la San Marco la kurushia roketi. Tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, kutoka pale ikarushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyotani, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Wimbo wao unashuka kutoka nyotani, roketi yao ikapanda kwenda nyotani, na katikati kuna wavuvi wa Ngomeni wanaotafuta samaki. Krismasi ya mvuvi asiyepata kitu wikendi hiyo inaeleweka vizuri sana na padri Alfonso.

Kwa njia, hili la baridi ni la Wazungu. Maandiko hayasemi kulikuwa na theluji. Na jirani yako Mwislamu, akisoma Sura ya Maryam kwenye Kurani, anakuta Maryam amejifungulia chini ya mtende, akaambiwa atikise shina tende zimwangukie. Mtende na joto, mambo ya huku kwetu. Pengine ndio maana pilau ya Krismasi Malindi haiulizi dini.

Sasa Boney M. Huwezi kuzungumzia Krismasi ya Kenya bila Boney M, hiyo ni karibu sheria. Mary's Boy Child yao ya 1978 ilishika namba moja Uingereza, lakini si yao. Ilitungwa na Jester Hairston, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa, na kabla ya kuwa ya Krismasi ilikuwa wimbo wa kalipso wa sherehe ya kuzaliwa kwa rafiki, unaohusu mkate wa mahindi na kinywaji cha kakao! Baadaye akaombwa wimbo wa Krismasi, akabadilisha maneno, akaacha mdundo. Harry Belafonte akaurekodi mwaka 1956, nao ukawa namba moja Uingereza mwaka uliofuata. Belafonte huyohuyo ndiye aliyeimba Malaika na Miriam Makeba kwenye albamu yao ya 1965. Kwa hiyo ukiona nyanya yako anacheza Boney M kwa mabega, anacheza mdundo wa Karibi. Ndio maana hiyo ngoma haitusumbui na theluji.

Haya, ile niliyosema ilipaswa kuwa ya kaunti.

O Holy Night. Asili yake ni Kifaransa. Padri wa mji mdogo wa Roquemaure alimwomba muuza mvinyo mmoja, Placide Cappeau, aandike shairi la Krismasi. Adolphe Adam akalitia muziki, likaimbwa mwaka 1847. Ubeti wa kwanza kila mtu anaujua, hasa ile noti ya juu inayowaumbua wasoprano. Ubeti wa tatu ndio wenye mambo. Cappeau anasema Mkombozi amevunja kila pingu, na kwamba pale palipokuwa na mtumwa sasa anaona ndugu. Hayo aliyaandika wakati Ufaransa ilikuwa bado na watumwa kwenye makoloni yake. Ilikomesha mwaka 1848. Mwaka 1855 John Sullivan Dwight wa Boston, mtu aliyepinga utumwa, akautafsiri kwa Kiingereza na hakulegeza ule ubeti hata kidogo. Marekani ilikuwa bado inauza watu. Kuimba kanisani kwamba mtumwa ni ndugu yako, na kuna waumini wenye watumwa, hiyo haikuwa ngoma ya kupamba sikukuu. Ulikuwa ugomvi.

Sasa weka tarehe hizo kando ya zetu. Krapf alifika Mombasa 1844 na Rabai 1846, mwaka mmoja tu kabla ya wimbo kuimbwa Ufaransa. Kuanzia miaka ya 1860 Malindi yenyewe ilikuwa mashamba makubwa ya mtama, na waliolima ni watumwa. Vivyo hivyo Mambrui, vivyo hivyo Takaungu. Waliotoroka waliitwa watoro, wakakimbilia misituni na kwenye misheni: Rabai, Fuladoyo. Hivi tunavyoandika, kuna familia za kaunti hii ambazo babu mkuu wao aliingia Rabai usiku bila kitu mkononi. Fuladoyo iliongozwa na David Koi, Mkristo wa Kigiriama. Alikataa kuwarudisha watu. Aliuawa mwaka 1883.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi kufunga soko la watumwa Zanzibar, na baada ya hapo likaanzishwa Frere Town pale Nyali kwa walioachiliwa kutoka majahazini. Ile kengele ya Kengeleni iligongwa kuonya watu kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye misheni walipata hati zao za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Mabwana ndio waliolipwa, si watoro, isome hiyo tena. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani yetu mpaka mwaka 1907. Hiyo ni miaka 60 baada ya muuza mvinyo wa Roquemaure kusema mtumwa ni ndugu.

Kwa hiyo ubeti wa tatu wa O Holy Night, kwa mtu wa Rabai, si tamathali ya dhambi. Pingu ni pingu.

Na hapa ndipo ile ya kengele inarudi. Jingle Bells ilitumbuizwa mara ya kwanza inayojulikana mjini Boston, Septemba 1857, kwenye ukumbi ambapo wazungu walijipaka masizi usoni kuwaigiza watu weusi ili wenzao wacheke. Mji uleule wa Dwight, miaka miwili tu baada ya tafsiri yake. Babake Pierpont alikuwa mchungaji aliyepinga utumwa. Pierpont mwenyewe vita vilipozuka alijiunga na upande wa kusini, upande wa wenye watumwa, akawatungia nyimbo. Sisemi watoto wa nasari waache kuigiza farasi. Ngoma imeshatoka mikononi mwa mwenyewe zamani, na watoto wa Kisauni hawamdai Pierpont kitu. Lakini angalia tulivyochagua: ile ya Pierpont inapigwa kila duka kutoka Mtwapa hadi Marafa, na ile ya Dwight, kwaya zetu zikiiimba, zinakata ubeti wa tatu.

Nimeuliza walimu wa kwaya kadhaa kwa nini. Majibu ni yaleyale: muda hautoshi, misa ni ndefu, mahubiri yatafuata, noti ya juu ikirudiwa mara tatu soprano atazimia. Sababu za kweli, sibishani. Kuna mmoja tu aliyesema kwamba maneno ni mazito kwa siku ya furaha. Huyo ndiye ningependa tukae naye chini ya mwembe.

Mazoezi bado yanaendelea wiki hii, kutoka Ribe mpaka Gongoni. Kama ni lazima kitu kikatwe, ubeti wa pili ni wa mamajusi na nyota, na mamajusi wana nyimbo zao nyingi tu. Mwalimu, tuachie wa tatu. Kama soprano amechoka, waimbe wanaume, hata chini kidogo. Pilau itasubiri dakika mbili.